Skramu: Mchezo wa Raga Ndani ya Kompyuta

Ukikiona kichwa cha makala haya usidhani nimejiunga na timu ya raga ya shule. La hasha! Miguu yangu ni myembamba kama njiti za kiberiti, na tangu kidato cha kwanza kazi yangu uwanjani imekuwa ni kuwashikia wenzangu sweta. Skramu ninayotaka kukusimulia haina jasho wala matope. Ni namna ya kufanya kazi ambayo watu wanaotengeneza programu za kompyuta na za simu huitumia, na sisi wa chama cha kompyuta tumeijaribu mwaka huu, tukaanguka nayo, tukainuka nayo.

Nianze na kilichotupeleka huko. Mwaka jana katika darasa letu kuna mwenzetu aliyetumwa nyumbani kuleta pesa za kitabu cha Kemia alichodaiwa kukipoteza. Aliapa kwamba alikirudisha. Daftari la maktaba lilisema hakukirudisha, na daftari halina macho ya kuona machozi. Mamake huuza mboga sokoni. Ilimchukua siku sita kuzipata hizo pesa, na katika siku hizo sita rafiki yetu akakosa mitihani miwili. Wiki tatu baadaye kitabu kikaonekana kwenye rafu, salama salimini. Mwanafunzi mwingine alikuwa amekichukua kimakosa darasani na kukirudisha kwa jina lake mwenyewe! Simlaumu mtu. Vitabu vyetu vinafanana kama kurwa na doto, na daftari lilikuwa likiandika majina bila kuangalia nambari iliyo ndani ya jalada.

Basi bwana, sisi wanachama tukakunja mikono ya mashati. Tutatengeneza programu ya maktaba! Tukapanga kila kitu mwanzoni kabisa: mmoja achore, wawili waandike, mwingine ajaribu mwishoni. Tukafanya kazi mihula miwili mizima kimyakimya. Tulipomwita mwalimu wa maktaba aje kuona, programu ilikuwa na nembo ya shule, rangi nne na maneno ya kumkaribisha mgeni. Mwalimu akaitazama, akatusifu kwa upole, kisha akauliza, “Na mwanafunzi akirudisha kitabu cha mwenzake je, itajua?”

Kimya. Tulikuwa tumehamisha daftari lile lile tukalitia ndani ya kompyuta, pamoja na kosa lake.

Likizo ya Desemba nilimsimulia binamu yangu mkubwa, mtoto wa shangazi, ambaye mimi humwita Dada. Yeye anafanya kazi Nairobi katika kampuni ya kutengeneza programu za simu. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaniambia, “Ndugu yangu, nyinyi mmefanya maporomoko ya maji. Maji yakishateremka hayapandi tena.” Hapo ndipo nilipolisikia neno skramu kwa mara ya kwanza nje ya uwanja.

Asili yake nimeifuatilia, nayo inapendeza. Kwa wasiojua raga, skramu ni pale wachezaji wanane wa kila upande wanapoinama, wakashikana mabega na kusukumana kama mafahali. Hakuna anayeweza kuisukuma peke yake. Mwaka wa 1986 wataalamu wawili wa Kijapani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika makala katika jarida la Harvard Business Review. Walikuwa wamechunguza jinsi kampuni kama Honda, Canon na Fuji-Xerox zilivyobuni bidhaa mpya. Wakasema kwamba mtindo wa zamani ulikuwa kama mbio za kupokezana kijiti: idara hii ikimaliza inaipa ile, halafu inakaa kando. Kampuni hizo zilizofanikiwa zilicheza raga, yaani kikosi kizima kikisonga mbele pamoja huku mpira ukirushwa huku na huku.

Mwaka wa 1993, Mmarekani Jeff Sutherland, ambaye zamani alikuwa rubani wa ndege za kivita huko Vietnam, aliichukua fikra hiyo akaitumia kwa programu za kompyuta katika kampuni ya Easel. Mwenzake Ken Schwaber alikuwa akitafuta jambo lilo hilo kwa njia yake, na mwaka wa 1995 wakaieleza skramu hadharani katika mkutano wa wataalamu mjini Austin, Texas. Kisha Februari 2001 watu 17, nao wawili hao wakiwemo, walikutana Snowbird, mahali pa kuteleza juu ya theluji katika jimbo la Utah, wakatoa tamko fupi. Mtindo waliouelezea unaitwa ajaili, maana yake wepesi wa kugeuka. Walisema wanathamini zaidi watu na mazungumzo yao kuliko taratibu na vyombo, programu inayofanya kazi kuliko marundo ya maandishi, kushirikiana na mteja kuliko kuvutana juu ya mkataba, na kuyaitikia mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Hawakusema mipango ni mibaya, jamani. Wapo wenzangu waliolisikia hilo wakafurahi wakidhani sasa hakuna tena kupanga. Katika skramu unapanga tena na tena! Ukipenda kukwepa kupanga, kaa mbali nayo.

Ajaili basi ni fikra, na skramu ni mojawapo ya njia za kuitekeleza. Mwongozo wa skramu ulitolewa mwaka wa 2010 na kurekebishwa mara kadhaa hadi 2020. Ni mfupi, hata kurasa 20 haufiki.

Namna yenyewe ni hii. Kikosi ni kidogo, kwa kawaida watu 10 au pungufu, maana penye wengi pana mengi. Ndani yake mna mwenye bidhaa, ambaye ni mtu mmoja, wala si kamati. Yeye ndiye anayeipanga orodha ya kazi zote zinazotakiwa, iliyo muhimu zaidi ikiwa juu. Kuna waundaji, yaani wale wanaoitengeneza bidhaa. Kisha kuna skramu masta, ambaye jina lake linamdanganya mtu akajiona bwana mkubwa, kumbe kazi yake ni kuwasaidia wenzake waifuate njia hii vizuri na kuwaondolea vikwazo. Kazi hukatwa vipande vya muda vinavyoitwa sprinti, kama mbio fupi za mita mia. Sprinti haizidi mwezi mmoja. Yetu ni wiki mbili. Mwanzoni kikosi huchagua lengo na kazi za juu kutoka kwenye orodha. Kila siku hukutana kwa dakika 15. Mwishoni huwaonyesha wenye haja kitu kinachofanya kazi, nao waseme wanalosema, halafu kikosi hukaa peke yake na kujiuliza kilivyoshirikiana. Kesho yake sprinti nyingine inaanza.

Ukisoma hivyo utasema, “Aa, hilo tu?” Hata mimi nilisema hivyo. Ngoja.

Tulipofungua shule tulikuwa saba. Mwenye bidhaa tukamteua kiranja wa maktaba, kwa sababu ndiye anayesimama pale dirishani saa ya chakula cha mchana huku akisukumwa na foleni. Mimi nikawa skramu masta. Kiranja alitushangaza siku ya kwanza. Tulikuwa na mawazo 23 kwenye vikaratasi: picha za vitabu, ujumbe wa simu kwa wazazi, hata mashindano ya nani anasoma zaidi. Akavisukuma vyote kando, akaacha kimoja juu: niandike nambari ya kitabu, nione jina la aliyepewa. Basi. Kijana mmoja wa kidato cha pili alinung'unika kwamba hiyo si programu, ni tundu la ufunguo. Lakini baada ya wiki mbili kilikuwapo, ukurasa mmoja mweupe usio na nembo wala rangi, na katika wiki yake ya kwanza kazini kiranja aligundua vitabu tisa vilivyokuwa vikirudishwa na watu wasio wenyewe. Wanafunzi tisa wangeandikiwa barua. Nakwambia, nilitoka maktaba nikitembea kama aliyeshinda medali.

Hapo ndipo pana nguvu ya skramu kwa maoni yangu. Haikufanyi uandike haraka zaidi. Inakufanya ukosee mapema, wakati kosa bado ni bei ya wiki mbili na si la mwaka mzima.

Mfano mkubwa wa hilo uko Marekani. Shirika la upelelezi la FBI lilitaka mafaili yake ya kesi yatoke kwenye makaratasi yaingie kwenye kompyuta. Mradi wa kwanza ulitupiliwa mbali mwaka wa 2005 baada ya kumeza dola milioni 170 hivi. Mwaka wa 2006 ukaanza wa pili, ulioitwa Sentinel, uliogawanywa katika awamu nne. Kufikia 2010 takriban dola milioni 405 zilikuwa zimetumika kati ya bajeti ya milioni 451, na awamu zilizokuwa zimekabidhiwa ni mbili tu. Mwaka huo FBI iliichukua kazi mikononi mwake, ikapunguza sana idadi ya watu, ikaanza kufanya sprinti za wiki mbili mbili. Julai 2012 mfumo ukaanza kutumiwa na shirika zima. Nisikufiche, haukuwa malaika. Wakaguzi walipourudia mwaka wa 2014 walikuta watumiaji wengi wameridhika nao, ila wapo waliolalamika kwamba ukitafuta jambo hulipati sawasawa. Lakini ulikuwepo wa kulalamikiwa! Ule wa kwanza haukufika hata hapo.

Na hapa kwetu Kenya tuna mfano ambao kila mmoja wetu anao mfukoni. M-Pesa ilipojaribiwa mwaka wa 2005, kwa wateja wasiofika 500, nia yake ilikuwa kuwasaidia watu walipe mikopo midogo midogo kwa simu. Wenye mradi wakakaa wakatazama. Wakaona watu wanaitumia kwa mambo yao mengine, hasa kutumiana pesa wao kwa wao. Wangeweza kusema, “Hapana, mpango unasema mikopo.” Badala yake waliigeuza, na Machi 2007 ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Sisemi kwamba walifanya skramu. Sijaliona jina hilo likitajwa nao. Nasema walifanya lile ambalo skramu inataka ulifanye kila sprinti: toa kitu kidogo, mtazame anayekitumia, ukubali kufundishwa naye.

Sasa nirudi kwenye yale yaliyotushinda, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

La kwanza ni neno “nimemaliza.” Katika sprinti ya pili mwenzetu mmoja alisema amemaliza sehemu ya kuandikisha vitabu vipya. Ilimaliza kweli, kwenye kompyuta yake. Kwenye kompyuta ya maktaba, ambayo ni mzee wa ukoo, ilikataa kata kata. Kila mtu ana “nimemaliza” yake, kama vile kila mtu ana “niko karibu kufika” yake anapokuwa bado anaoga. Mwongozo wa skramu unataka kikosi kiandike maana moja ya kazi kuisha, ijulikane na wote. Yetu tuliibandika ukutani: inafanya kazi kwenye kompyuta ya maktaba, kiranja ameitumia mwenyewe bila mtu kumwelekeza kidole, nakala imehifadhiwa kwenye diski ya mfukoni. Kazi isiyotimiza hayo hairuhusiwi kuonyeshwa siku ya mapitio. Inarudi kwenye orodha. Mara moja tulimwonea huruma mtu tukaiongeza sprinti siku tatu ili amalize. Siku tatu zikawa nane, na mwalimu aliyekuwa ameahidiwa Ijumaa alikuja akakuta tunakwaruza vichwa. Sprinti haivutwi kama mpira wa bendi. Tarehe inabaki, kazi ndiyo inayopunguzwa.

La pili linaniuma kidogo kulisema. Ile skramu ya kila siku tulikuwa tukiifanya saa saba na nusu chini ya mjakaranda, kwa kuwa sisi ni wa kutwa na jioni kila mtu anakimbilia njia yake. Mimi nilisimama mbele na daftari nikiwauliza mmoja mmoja: jana umefanya nini, leo utafanya nini, kuna tatizo? Na wao wakijibu wakinitazama mimi. Msichana mmoja wa kidato cha pili alijibu siku nne mfululizo, “Naendelea vizuri.” Siku ya tano nilimkuta nyuma ya maabara akilia. Kazi aliyoichukua ilihitaji kutafuta mambo kwenye intaneti, na kwao hakuna kompyuta, wala simu ya kuazima, wala umeme. Chumba cha kompyuta hufungwa saa kumi na moja. Hakuwa ameandika hata mstari mmoja. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu kwa adabu, “Wewe ulikuwa unaandika kwenye daftari.”

Nilimpigia Dada simu jioni hiyo. Hakunihurumia. “Umegeuza skramu ikawa gwaride la polisi,” akasema. “Kile kikao si chako. Ni cha wanaofanya kazi, wapangane wao kwa wao. Wewe kaa nyuma, funga daftari, na ukisikia kikwazo ondoka ukakishughulikie.” Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia, kwamba hata kwao ofisini, kwa watu wazima wenye shahada, ugonjwa ni huo huo. Mkubwa akisimama pale na kuhesabu, watu wanaanza kuripoti badala ya kusaidiana. Yale maswali matatu niliyokuwa nikiyashikilia kama Sala ya Bwana yaliondolewa kwenye mwongozo wa 2020, kwa hiyo hata kisingizio cha kwamba imeandikwa sikuwa nacho.

Wiki hiyo tulipokaa kikao cha kujitazama nyuma nilikiri kosa langu kwanza. Nadhani ndiyo maana wengine walifungua midomo. Tukakubaliana kwamba anayeanza kuzungumza ni yule aliyekwama, si aliyefaulu. Tukakubaliana kazi zisigawiwe. Mtu achukue mwenyewe, na kazi ya intaneti ifanywe na wawili, mmoja akiwa na uwezo wa kuipata nyumbani. Mimi nikaenda kwa mwalimu wa kompyuta kuomba chumba kifunguliwe saa ya chakula siku tatu kwa wiki. Akakubali siku mbili. Yule msichana sasa ndiye anayeandika sehemu ngumu zaidi, ile ya kulinganisha nambari na majina, na hunikosoa hadharani bila kupepesa.

Kikao hicho cha mwisho ndicho ambacho vikosi vingi hukiruka kazi zikizidi, kwa maelezo ya Dada. Wanasema hawana wakati. Naona ni sawa na mtu kusema hana wakati wa kuziba pancha kwa sababu anachelewa safari. Kwao tatizo jingine ni pointi. Wana desturi ya kuipa kila kazi pointi kwa kukisia uzito wake, jambo ambalo mwongozo haulitaji, nalo si baya likitumika kupanga. Lakini mkubwa mmoja alianza kulinganisha vikosi kwa pointi. Mwezi uliofuata kazi ya pointi tatu ikawa ya nane, vikosi vyote vikapanda chati, na wateja wakapata kile kile. Nilicheka sana, halafu nikakumbuka jinsi sisi darasani tunavyochukua kitabu cha majibu kabla ya kufanya zoezi.

Mwalimu wetu mmoja aliniuliza kama skramu inafaa kila kazi. Mimi naona haifai. Kama ni kazi unayoijua mwanzo hadi mwisho, mathalani kupiga chapa mitihani au kupika githeri ya shule nzima, fuata tu utaratibu wako. Skramu inafaa pale usipojua mtumiaji anataka nini hadi akione. Na inahitaji mwenye bidhaa aliye na ruhusa ya kusema “hapana.” Kiranja wetu aliwahi kumwambia mwalimu mwenyewe, kwa heshima zote, “Mwalimu, ripoti ya rangi itangoja sprinti mbili.” Tukashika pumzi. Mwalimu akakubali.

Hivi ninavyoandika tumemaliza sprinti ya sita. Programu bado haina nembo. Haijui kuhesabu faini, na umeme ukipotea kiranja anarudi kwenye daftari, ila sasa anaandika nambari. Katika muhula huu hakuna aliyetumwa nyumbani kwa kitabu kilichokuwa kwenye rafu. Yule rafiki yetu wa Kemia amejiunga nasi. Kazi yake ni kuijaribu programu kwa hila zote, kurudisha kitabu cha mtu mwingine, kuandika nambari kinyume, kudai kitabu ambacho hajawahi kukishika. Ameshaikamata mara nne.

Mapitio yajayo ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa saba na nusu, dirishani pa maktaba. Yeyote aweza kuja kutazama, mwalimu au mwanafunzi. Njoo na kitabu ambacho unadhani si chako.